Watoto wawili, sufuria moja, majibu mawili ya lehemu (kolesteroli): naomba kusaidiwa kuyasoma

Mama wa Rau (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu kila nilipolieleza jambo hili kwa ufupi nimejibiwa kwa ufupi vilevile.

Mwezi Novemba tulimzika shemeji yangu, kaka wa mume wangu, aliyeanguka ghafla shambani kwao Kibosho akiwa na miaka 43. Hakuwa mnene, hakuvuta sigara, na mbege aliigusa kwenye sherehe tu. Daktari aliyezungumza na familia alisema ni moyo, akashauri ndugu wa damu wapimwe mafuta kwenye damu. Wakubwa walisema watapima baada ya sikukuu, na mnajua Desemba ya Uchagani ilivyo. Mimi nikaona nianze na watoto, tukapima mwezi Januari katika maabara moja ya hapa mjini.

Binti yangu ana miaka 9 na ni mwembamba kiasi kwamba bibi yake hunilaumu kila tunapopanda mlimani. Majibu yake, kwa milimoli kwa lita, ni haya: lehemu jumla 7.4, LDL (lehemu inayoganda kwenye mishipa) 5.9, HDL (lehemu nzuri) 1.2, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 0.7. Kaka yake ana miaka 12, ana mwili, na suruali za shule za mwaka jana hazimfungi tena kiunoni. Yake ni: lehemu jumla 4.8, LDL 3.1, HDL 1.0, trigliseridi 1.6. Karatasi ya binti imewekewa alama ya kuzidi, lakini ya kijana haina alama hata moja, na mhudumu aliniambia huyo yuko salama. Kuhusu binti aliniambia nipunguze mafuta kwenye mboga, akaongeza kwamba huenda ni nyama ya Krismasi.

Watoto hawa wanakula sufuria moja, mezani pamoja. Inawezekanaje yule mwembamba ndiye awe na mafuta kwenye damu, na yule mwenye mwili ndiye awe msafi? Je, sampuli zilibadilishwa? Na kama hazikubadilishwa, nifanye nini ambacho ni zaidi ya kupunguza mafuta kwenye mboga?

Mpima Damu (Arusha)

Pole sana kwa msiba, dada. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka kumi na sita, kwa hiyo nitajibu lile la karatasi, na yaliyobaki nawaachia madaktari.

Viwango vilivyochapwa pembeni ya majibu yako, kwa jinsi ulivyoeleza, ni vya watu wazima. Maabara nyingi huweka kiwango kimoja kwenye mashine siku inapofungwa, na hakuna anayekumbuka kukibadilisha mtoto anapoketi kwenye kiti. Kwa mtu mzima, lehemu jumla iliyo chini ya 5.2 haiwekewi alama, na trigliseridi hazisemwi kitu mpaka zifike 1.7. Kwa mtoto mizani ni nyingine. Lehemu jumla inayokubalika ni chini ya 4.4, kuanzia hapo hadi 5.1 ni mpakani, na 5.2 kwenda juu imezidi. LDL inatakiwa iwe chini ya 2.8, na ikifika 3.4 imezidi. Trigliseridi zina ngazi mbili: kwa mtoto wa hadi miaka 9 zikifika kama 1.1 zimezidi, na kwa wa miaka 10 hadi 19 zikifika 1.5 zimezidi. Ukiyaweka majibu ya kijana kwenye mizani hiyo, yule aliyetangazwa salama yuko mpakani kwa lehemu jumla na kwa LDL, amezidi kwa trigliseridi, na HDL yake, ambayo ndiyo pekee tunayotaka iwe nyingi, imegusa mstari wa chini.

Kuhusu sampuli kubadilishwa, makosa hayo hutokea na sitayaficha. Hata hivyo fikiria hivi: kama zilibadilishwa, basi LDL ya 5.9 ni ya kijana badala ya binti. Kwa vyovyote vile, mmoja wa watoto wako anayo. Swali linahama kiti, halifutiki.

Unaweza pia kukagua hesabu mwenyewe, kwa sababu maabara nyingi haziipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972. Chukua lehemu jumla, toa HDL, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwa binti: 7.4 toa 1.2 toa 0.3, unapata 5.9. Hesabu ya maabara ni sahihi. (Kanuni hii huharibika trigliseridi zinapopita 4.5, lakini wewe huko hujafika.) Na kama siku moja utapewa karatasi yenye namba kubwa kama 286, usishtuke, hiyo ni miligramu kwa desilita: lehemu ya 7.4 ukiizidisha kwa 38.67 unapata 286 ileile. Nimeona watu wakilia kwenye benchi kwa sababu ya kipimo kilichobadilika jina tu.

Rudia vipimo vya watoto wote wawili, angalau wiki mbili baada ya vile vya kwanza, asubuhi, bila chakula kwa saa 10 hadi 12, maji tu yanaruhusiwa. Kama mmoja ameugua malaria au homa kali karibuni, subiri apone kabisa, kwa sababu ugonjwa hushusha lehemu na kupandisha trigliseridi, ukapata majibu ya homa badala ya majibu ya mtoto. Je, walikuwa hawajala siku ile ya kwanza?

Mlonge na Asali

Dada, usijisumbue na hospitali. Chukua punje tatu za kitunguu saumu, limao moja na kijiko cha unga wa mlonge, uwape asubuhi kwa siku 21. Mafuta yote yanasafishika. Mimi mwenyewe ni shahidi.

Mzee wa Sakina (Arusha)

Wanangu, nasoma maneno haya kwa mshangao. Mimi nimezaliwa Monduli, nimekunywa maziwa ya mgando na kula nyama ya mafuta tangu nikiwa na miaka ya huyo binti, na baba yangu alifanya hivyo hivyo, na hatukuwahi kusikia mtoto kupimwa lehemu. Wamasai wangekuwa wamekwisha kama mafuta yangekuwa sumu. Sidhani kama mtoto wa miaka 9 ana haja ya kutobolewa mkono kwa jambo la wazee. Mwacheni ale akue.

Tabibu wa Watoto (Moshi)

Mzee wangu, shikamoo. Nianze na hoja yako, kwa sababu ni ya kweli kwa nusu yake. Mtafiti wa Kimarekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa huku kwetu na kuchapisha matokeo mwaka 1964: pamoja na maziwa na nyama, lehemu kwenye damu yao ilikuwa chini, jambo lililowashangaza madaktari wengi wa wakati huo. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki, wakakuta mafuta yameganda kwenye kuta za mishipa kwa kiasi kinachokaribia kile cha wazee wa Marekani. Kilichowatofautisha ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikawa na nafasi ya kupita, na watafiti walihusisha upana huo na miili iliyozoea mwendo na kazi. Kwa hiyo maziwa ya Monduli yalikuja pamoja na kutembea kwa Monduli. Mtoto wa leo wa Sakina amebaki na maziwa, akaongezewa soda, akanyang'anywa kutembea.

Sasa nije kwa binti. Siwezi kutoa uamuzi kwa maandishi, ila naweza kusema ni nini kingenisumbua kama angekuwa kwenye chumba changu. LDL ya 4.9 au zaidi kwa mtoto, au hata ya 4.1 pale ambapo kuna ndugu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, humfanya daktari afikirie lehemu ya kurithi. Huu ni upungufu wa vinasaba unaofanya ini lishindwe kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Namna ini linavyoivuta iligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na chanzo cha ugunduzi wao kilikuwa watoto wenye tatizo hili hili. Si ugonjwa wa nadra kama tulivyofundishwa zamani, kwani inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 250 hivi duniani anao, wengi wao bila kujua. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ndiyo maana sufuria moja haikuzaa majibu mamoja: huenda huyu amerithi, yule hakurithi.

Unene hauna usemi mkubwa hapa. Mtoto aliyerithi huzaliwa nayo, na mishipa yake huogea kwenye lehemu nyingi tangu siku ya kwanza, awe mwembamba au mnene. Nyama ya wiki mbili za Krismasi haiwezi kumpeleka mtoto hadi 5.9. Inaweza kuongeza kidogo tu juu ya kile alichonacho.

Kabla ya kusema ni ya kurithi, yapo mengine ya kuondoa kwanza: tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, ugonjwa wa figo unaopoteza protini kwenye mkojo, ugonjwa wa ini unaozuia nyongo, kisukari, na baadhi ya dawa kama steroidi. Kipimo cha tezi, cha mkojo na cha ini vinatosha kuanza navyo. Kisha apimwe baba. Naomba hili nilisisitize kuliko mengine yote, kwa sababu shemeji amefariki na miaka 43, na nduguye aliye hai bado anasubiri sikukuu ziishe. Wanaume wenye tatizo hili wasiotibiwa, karibu nusu yao hupatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 50.

Kuhusu mlonge na kitunguu saumu, ni mboga nzuri, apikiwe. Kwa LDL ya kurithi, hata mlo uliopangwa vizuri kabisa hushusha kwa sehemu ndogo, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi. Dawa za kushusha lehemu za kundi la statini hutumika kwa watoto wa namna hii kuanzia miaka 8 hadi 10, chini ya usimamizi wa daktari. Uholanzi waliwafuatilia kwa miaka 20 wagonjwa 214 walioanza dawa hizo wakiwa watoto, na matokeo yalitoka mwaka 2019. Kufikia umri wa miaka 39, asilimia 1 tu ya watoto hao ndio walikuwa wamepata tatizo la moyo au mishipa, wakati wazazi wao wenye tatizo lilelile, ambao hawakupata dawa hizo utotoni, walikuwa asilimia 26 walipofika umri huohuo. Hizo ndizo namba zinazonifanya nisikubaliane na siku 21 za mlonge.

Swali moja, mama: marehemu, au mume wako, aliwahi kuwa na unene usio wa kawaida kwenye kano za kisigino au vinundu kwenye vifundo vya vidole, mahali ambapo lehemu ya kurithi hupenda kujikusanya?

Mama wa Rau (Moshi)

Nimesoma jibu hili mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mume wangu kwa sauti. Marehemu alikuwa na kano nene nyuma ya miguu yote miwili, ngumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na sisi sote tuliamini ni mpira aliocheza ujanani. Mume wangu anayo kwenye mguu wa kulia, na yeye hajawahi kucheza mpira.

Mpima Damu, nimemuuliza kijana kwa upole, amekiri kwamba asubuhi ile alikunywa juisi ya pakiti iliyokuwa kwenye friji kabla sijaamka. Binti hakula kitu.

Mpima Damu (Arusha)

Asante kwa ukweli huo. Juisi ingeweza kupandisha trigliseridi za kijana, kwa hiyo ile 1.6 tuiweke pembeni mpaka arudie. Lehemu jumla na HDL hazibadiliki sana kwa mlo mmoja, na ukitoa HDL kwenye lehemu jumla unapata namba inayofaa hata kwa aliyekula. Kwake ni 3.8, na kwa mtoto hiyo inatosha kuitwa kubwa kidogo. Usimpe msamaha wote kwa sababu ya juisi.

Baba wa Njiro (Arusha)

Mengi yamesemwa kuhusu binti, nami naomba niongee kuhusu kijana, kwa sababu wangu alikuwa hivyo hivyo akiwa na miaka 11, na huku ndiko ambako wazazi tuna la kufanya kwa mikono yetu.

Nilipoandika ratiba yake kwenye karatasi niliona aibu. Basi la shule lilimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, akakaa darasani, akakaa twisheni, akakaa kwenye basi, akarudi saa kumi na mbili jioni akakaa mbele ya runinga. Jumamosi twisheni tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kucheza au kufanya kazi inayomtoa jasho. Wangu hakuwa anapata hata 15, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nalipia ukaaji huo.

Kisha nikahesabu sukari. Vijiko vitatu kwenye chai ya asubuhi ni kama gramu 12. Soda ya chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Shirika lilelile linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, ambayo kwa mtoto wa umri wake ni chini ya gramu 50 kwa siku, na ingefaa iwe nusu ya hapo. Alikuwa amefika kwenye mpaka kabla hata ya juisi, biskuti na ubuyu wa rangi. Nilikuwa namwandama mke wangu kuhusu mafuta ya kupikia, kumbe trigliseridi hupanda sana kwa sukari na wanga wa kukobolewa, kwa sababu ini hugeuza ziada hiyo kuwa mafuta.

Mafuta nayo yana lake. Chupa nyingi dukani zimeandikwa kwa maringo kwamba hazina lehemu, maneno ambayo ni kweli na hayana maana, maana mafuta ya mmea wowote hayana lehemu. Cha kuangalia ni mafuta mgando yaliyomo, yale yanayopandisha LDL: ya mawese karibu nusu yake ni ya aina hiyo, na ya alizeti ni kama moja ya kumi tu. Nyumbani tulihamia alizeti ya Singida. Kwenye kantini ya shule sikuweza kuhamisha kitu. Nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikaeleza kuhusu chipsi zinazokaangwa kwenye mafuta yaleyale tangu Jumatatu, nikajibiwa kwamba watoto ndicho wanachonunua. Tangu hapo anabeba makande au ndizi na maharage kutoka nyumbani, na hela ya kantini nimeifuta. Parachichi sikumnyima, maana mafuta yake si ya kuogopa.

Twisheni ya Jumamosi tuliiacha. Sasa anakwenda mpirani, na kurudi anarudi kwa miguu. Baada ya miezi sita trigliseridi zilikuwa zimeshuka kutoka 1.7 hadi 1.1, na kilo hazikupungua hata moja. Alirefuka tu.

Tabibu wa Watoto (Moshi)

Nakubaliana na Baba wa Njiro, na hasa hilo la mwisho. Mtoto anayekua hatuhitaji kumpunguza uzito kwa kumnyima chakula, tunahitaji urefu uufikie uzito. Kijana apimwe pia shinikizo la damu na sukari, na kiuno chake kisizidi nusu ya urefu wake. Namba zake hazitishi leo, lakini zinastahili kuchukuliwa kwa uzito. Katika mji wa Bogalusa, Louisiana, watoto walifuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1998 watafiti walichapisha uchunguzi wa maiti za watoto na vijana 204 wa miaka 2 hadi 39, wengi wao waliokufa kwa ajali. Karibu nusu ya walio na miaka 2 hadi 15 walikuwa tayari na michirizi ya mafuta kwenye mishipa ya moyo, na michirizi iliongezeka kadiri uzito, shinikizo la damu, LDL na trigliseridi za mtu zilivyokuwa kubwa.

Mzee wa Sakina (Arusha)

Daktari, marahaba. Hilo la kunyang'anywa kutembea limenikaa. Mjukuu wangu anapelekwa shule kwa bodaboda, na shule iko ng'ambo ya barabara na mtaro.

Mama wa Rau (Moshi)

Narudi baada ya wiki saba. Binti amerudia: LDL 5.7. Tezi, mkojo na ini havina tatizo. Mume wangu alipima siku mbili baada ya ule ujumbe wa visigino, LDL yake ni 6.6, na ameanza dawa pamoja na kupimwa moyo. Binti tumeandikiwa rufaa hospitali ya KCMC, tarehe yetu ni mwezi ujao, na nimeambiwa nipeleke karatasi zote mbili pamoja, yake na ya baba yake. Kijana, safari hii bila juisi, ana trigliseridi 1.3 na LDL 3.0. Anatembea kutoka Rau hadi shuleni siku tatu kwa wiki, kwa manung'uniko makubwa.

Bibi yao amekasirika kwamba nimempa mjukuu wake jina la ugonjwa akiwa mzima. Nimemwacha akasirike.

Nina swali moja lililobaki. Mjane wa shemeji ana watoto watatu, wa miaka 14, 10 na 4. Amekubali washuke wapimwe wakati wa Pasaka. Je, huyo wa miaka 4 si mdogo mno, na nitamzuiaje kula usiku kucha?

Tabibu wa Watoto (Moshi)

Si mdogo mno. Pale ambapo mzazi amefariki mapema kwa moyo, mtoto anaweza kupimwa kuanzia miaka 2. Huyo wa miaka 4 mpe uji wake asubuhi kama kawaida, maana LDL ya kurithi haifichwi na uji, na trigliseridi zake si swali letu kwa sasa. Wale wakubwa wawili wasile kuanzia saa mbili usiku. Waambie maabara waandike umri wa kila mmoja kwenye karatasi, na umweleze mama yao mapema kwamba majibu ya watoto hao watatu yanaweza yasifanane.